Nilivyolielewa jedwali la elementi kwa kulisoma kutoka juu kwenda chini

Skuli tulilikariri jedwali kwa kwenda kulia: haidrojeni, heliamu, lithiamu, mpaka kalsiamu ya 20. Nilizitaja zote bila kukwama, lakini ukiniuliza kwa nini sodiamu ikitiwa majini inachachamaa, nilikuwa sina la kusema. Nilipokaribia mtihani nikaacha wimbo ule, nikawa nashika safu moja tu ya wima, yaani kundi, na kushuka nayo.

Nilianza na kundi la 17, halojeni, maana sisi watu wa Jambiani halojeni zimetuzunguka. Klorini imo kwenye chumvi. Iodini ndiyo yale madini joto yanayoandikwa kwenye pakiti ya chumvi hiyohiyo, na aliyeigundua, Mfaransa Bernard Courtois, aliipata mwaka 1811 kwenye majivu ya mwani, ikamtokea kama mvuke wa zambarau. Nilimhadithia mama, naye analima mwani. "Kumbe ndicho wanachokitafuta hao wanunuzi?" Hapana, mama. Huu wetu wanautakia karaginani, ile inayofanya dawa ya meno na aiskrimu ziwe nzito.

Basi shuka na safu: florini ni gesi ya manjano hafifu, klorini gesi ya kijani-manjano, bromini majimaji mekundu ya kahawia, iodini yabisi nyeusi inayometa. Rangi inakoza, ukali unapungua. Zote zina elektroni 7 kwenye ganda la nje na zinatafuta 1. Kadiri atomu inavyokuwa kubwa, ganda hilo linakaa mbali na kiini, na mvuto wa kuivuta hiyo moja unalegea. Kundi la 1 lenyewe lina elektroni 1 ya kutoa, kwa hiyo umbali uleule unalirahisishia kazi: lithiamu inatoa povu taratibu majini, sodiamu inayeyuka na kukimbia juu ya maji, potasiamu inawaka moto wa urujuani. Sababu moja, matokeo kinyume. Nilipolipata hili, nusu ya maswali ya mtihani yalikuwa mepesi.

Kilichonifurahisha zaidi ni telariamu, jirani wa iodini kwenye jedwali. Uzito wake wa atomu ni 127.6, wa iodini 126.9, kwa hiyo ukipanga kwa uzito, iodini inatangulia na inaangukia kwa wasio wenzake. Mendeleev, mkemia wa Urusi aliyetoa jedwali lake mwaka 1869, alizipindua, iodini ikabaki na klorini na bromini kwa sababu tabia zao ni moja. Akaona afadhali kuushuku mzani. Mzani haukuwa na kosa. Mwaka 1913 Moseley, mwanafizikia wa Uingereza, kwa kutumia eksirei, alionyesha kuwa kinachopanga ni namba ya atomu, yaani idadi ya protoni kwenye kiini: telariamu 52, iodini 53.

Haidrojeni ndiyo bado naigombania na wenzangu. Imewekwa juu ya kundi la 1 kwa elektroni yake moja, lakini ni gesi, tena imepungukiwa na elektroni moja kama halojeni. Majedwali mengine huiweka peke yake, na mimi niko upande huo.