Galen na tangawizi ya bibi

Juzi nilikuwa Magomeni kwa bibi, kifua kimenibana, akatwanga tangawizi akaniambia mjukuu wangu baridi imekuingia, kunywa cha moto hiki kikate hiyo balghamu. Nikamkumbuka Galen, daktari wa Kigiriki aliyezaliwa Pergamon, mji ulioko Uturuki ya leo, mwaka 129 baada ya Kristo, akatibu majeraha ya wapiganaji wa viwanjani, baadaye akawa daktari wa mfalme Marcus Aurelius kule Roma. Yeye alifundisha mwili una damu, balghamu, nyongo njano na nyongo nyeusi, kila kimoja na joto au ubaridi wake, vikizidiana ndo unaumwa, na elimu hiyo ikapita kwa matabibu wa Kiarabu mpaka huku pwani, hata neno balghamu lenyewe asili yake Kigiriki jamani!

Kinachonigusa zaidi ni lile jaribio lake la nguruwe mbele ya watu. Anapiga kelele weee, Galen akaubana uzi mwembamba wa neva shingoni, kimyaa, watu wakajionea wenyewe sauti inatawaliwa na ubongo siyo moyo.

Alikosea pia, aliamini ini ndo linatengeneza damu na mwili unaitumia inaisha, mpaka daktari Mwingereza William Harvey 1628 akaonyesha inazunguka. Bibi nimemsimulia yote, kasema nimalize kikombe kwanza.