Bagi yangu ya rimoti: mkono wa kulia uliokataa kushuka

Jumapili jioni

Kabla sijafungua skrubu hata moja, naandika gari lilivyo leo ili baadaye nisijidanganye. Ni bagi ya mashindano, gari dogo la kuendeshwa kwa rimoti, ya kipimo cha 1 kwa 8 (yaani moja ya nane ya gari halisi), ya umeme, magurudumu yote manne yanavuta. Betri ni ya lithiamu yenye seli 4, volti 14.8. Mota ni ya 1,900 KV, yaani kila volti moja inaipa mizunguko 1,900 kwa dakika. Nililinunua likiwa limeshatumika, na aliyeniuzia hakuniambia mna oili gani ndani ya shokomzoba na ndani ya difu tatu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu.

Uwanja wetu uko hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, nyuma ya karakana ya pikipiki, kwenye murramu nyekundu. Miruko tumeijenga kwa mifuko mitupu ya saruji tuliyoijaza udongo na kuushindilia. Wakati wa kiangazi ardhi inakauka ikawa ngumu kama sakafu, na juu yake zinabaki changarawe ndogo za mviringo. Tairi likipita hapo ni kama limekanyaga maharage makavu.

Shida yangu iko kwenye mruko wa pili. Gari linaruka vizuri, linatua, halafu mkia unarushwa kushoto na naingia kona nikiwa nimeshaharibu mstari. Mzunguko wangu bora mpaka leo ni sekunde 34.2.

Wenzangu wote ushauri wao ni mmoja: weka mota kubwa. Nimekaa na kalamu nikapiga hesabu. Volti 14.8 mara 1,900 ni mizunguko 28,120 kwa dakika. Pinioni, ile gia ndogo ya mota, ina meno 15, gia kubwa 46, na ndani ya difu ni meno 43 kwa 10. Ukizidisha, mota inazunguka kama mara 13.2 ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Kwa tairi la milimita 110 hiyo ni kama kilomita 44 kwa saa, bila kuhesabu mzigo. Sehemu yetu iliyonyooka ina hatua 30 tu, gari likiwa kwenye mwendo huo linaimaliza kwa sekunde mbili! Nguvu ninayo tayari. Ninachokosa ni gurudumu kubaki chini.

Jumanne usiku

Nimelifungua lote. Vumbi jekundu limeingia mpaka mahali ambapo sikudhani hewa inapita. Nilianza na brashi kavu, maana maji yakikutana na vumbi hili yanatengeneza udongo wa kufinyangia vyungu, na kuutoa kwenye kona za plastiki ni kazi ya usiku mzima.

Beringi za magurudumu nimezishika moja moja na kuzizungusha kwa kidole. Tano zinakwaruza. Ni namba 688, milimita 8 kwa 16 kwa 5, na uzuri wake ni kwamba si lazima uagize nje: nilimpigia shemeji yangu aliye Kampala apite soko la vipuri la Kisekka, akazipata, zikaja na basi kesho yake. Nilimsisitizia achukue zenye kifuniko cha mpira pande zote mbili. Za kifuniko cha bati zinazunguka kwa wepesi zaidi zikiwa mpya, lakini kwa murramu yetu hazidumu.

Kisha nikachomoa shokomzoba zote nne, nikainua kila mkono wa suspensheni, ule unaoshikilia gurudumu, na kuuachia. Mkono usio na kasoro unapaswa kuanguka wenyewe kwa uzito wake, bila kusukumwa. Wa mbele kushoto, tap. Wa mbele kulia, tap. Wa nyuma kushoto ulisita kidogo ukashuka. Wa nyuma kulia ulibaki hewani, umenyooka kama mtu aliyeinua mkono darasani. Nikaukandamiza, ukashuka. Nikauinua tena, ukabaki kulekule.

Nilibaki nikiutazama. Miezi mitatu nabadilisha springi, nabadilisha tairi, nalaumu mruko wetu kwamba tuliujenga vibaya, na gurudumu moja kati ya manne halikuwa likirudi chini.

Jumatano

Nimechomoa pini ya mkono ule, kile chuma chembamba ambacho mkono unazungukia. Kwa macho imenyooka kabisa. Nikampelekea mzee wa karakana, ambaye amenyoosha fremu za pikipiki tangu mimi sijazaliwa. Hakuiangalia hata kidogo. Alifuta kioo cha dirisha kilichoegemea ukuta, akakilaza mezani, akaniambia, “Mwanangu, iviringishe.” Nikaisukuma kwa kidole. Ilikwenda nusu mzunguko, ikasimama, ikarudi. Nilipoinamisha kichwa usawa wa kioo niliona mwanga unapita chini yake katikati, mwembamba kama unywele.

“Shikamoo na kioo,” nikamwambia, akacheka sana.

Hakunikubalia niinyooshe kwa nyundo. Alisema chuma kigumu kama hicho ukikigonga kinapinda mahali pengine, na nimemsikiliza. Nimeagiza pini mpya za pande zote.

Wiki mbili na siku mbili baadaye

Pini zimefika. Hata hivyo mkono ulikuwa bado unabana kidogo, kwa sababu tundu la plastiki lilikuwa limevimba na kushika vumbi. Nilichukua ncha ya keekee ya milimita 4 nikaizungusha kwa vidole tu, bila drili, nikitoa unga mwekundu kidogo kidogo na kujaribu pini kila baada ya mizunguko michache. Ukizidisha, mkono unacheza kushoto na kulia, na hapo umeharibu kitu kizima. Nilitumia karibu saa moja kwa tundu moja. Sasa mikono yote inaanguka: tap, tap, tap, tap. Nimeirudia mara nyingi kwa raha tu.

Shokomzoba zilitoa oili ya kijivu. Nimeweka ya silikoni, mnato wa sentistoki 450 mbele na 400 nyuma. Unajaza, unapandisha na kushusha pistoni polepole mpaka viputo viache kutoka, unaisimamisha kwa dakika kumi, ndipo unafunga. Ukifunga kwa haraka hewa inabaki ndani, na jozi moja haitafanana kamwe. Nilizikandamiza mbili mbili, kifua kwa kifua, nikatazama kama zinarudi pamoja.

Difu ya katikati ndiyo iliyonifunza zaidi. Ndani nilikuta kitu kizito kama asali ya baridi. Kwa kulinganisha na chupa zangu nakisia mnato wake ni sentistoki 10,000 au zaidi. Difu hupeleka nguvu kwa urahisi upande wenye mzigo mdogo, na oili nzito huzuia tofauti hiyo, hivyo mbele na nyuma vinavuta kama vimefungwa pamoja. Kwenye uwanja wenye mshiko ni vizuri, gari linachomoka. Kwenye maharage yetu makavu, ukigusa gesi ukitoka kona, magurudumu ya nyuma yanapokea nguvu nyingi mno na mkia unatoka. Nimeweka 5,000 mbele, 5,000 katikati, 3,000 nyuma. Nguvu kidogo itapotea kwa magurudumu ya mbele kuzunguka bure yakiwa hewani, na nimekubali.

Urefu wa chesisi kutoka chini nimepima kwa kipande cha mbao nilichokikata milimita 28. Basi.

Jumamosi

Tulikuwa magari sita. Asubuhi ardhi ilikuwa na unyevu wa mvua ya usiku, kwa hiyo mizunguko ya kwanza haikunipa picha ya kweli. Nilisubiri jua likaushe. Kuanzia saa sita changarawe zilianza kutokeza, nami nikaingia.

Mruko wa pili. Gari lilitua kwa magurudumu manne kwa sauti moja, likazama, likainuka mara moja tu na kutulia. Nikageuza stelingi, nalo likafuata. Mpwa wangu aliyeshika saa alipiga kelele kabla sijamaliza mzunguko. Sekunde 31.6. Mota ni ileile, betri ileile, tairi zilezile. Baada ya dakika kumi nilipima joto la mota, nyuzi 68, na mimi mwisho wangu ni 80.

Nilimaliza wa pili. Aliyenishinda anatumia mota kubwa kweli, ila anajua kuitumia, na kwenye kona ile ya mchongoma bado ananiacha kwa sababu anafunga breki mapema kuliko mimi.

Nyumbani nimeinua mikono tena. Wa nyuma kulia umeshuka. Nimegundua tone la oili kwenye kifuniko cha difu ya nyuma, upande wa gasketi, na vumbi limeganda juu yake. Betri nimezirudisha volti 3.8 kwa kila seli kabla ya kuziweka. Kesho baada ya kazi naifungua difu ile nitazame oili imekuwa na rangi gani.