Bei ilipanda, mimi nikachelewa kubadilika

Petroli ilipopanda bei, mwezi wa kwanza sikubadilisha chochote. Gari lilelile, kazi palepale, watoto wanasoma kulekule. Nililipa tu, nikajibana kwingine. Ungenipima wakati ule ungesema bei hainigusi.

Lakini haikushuka. Nikaanza kuunganisha safari, kisha tukawa watatu kwenye gari moja kwenda kazini. Gari lilipochoka nikachukua la injini ndogo. Mkataba wa nyumba ulipoisha tukahamia karibu na kazi. Juzi nimefungua daftari ninaloandika kila nikijaza tangi: zamani mstari mmoja kila wiki, sasa miwili kwa mwezi mzima. Na bei ni ileile iliyopanda siku ile! Kilichobadilika ni maisha yangu, na yamechukua karibu miaka mitatu.

Ndiyo maana inaniuma mtu anapotangaza baada ya wiki mbili kwamba watu wameshaizoea bei. Hawajaizoea, hawajapata nafasi ya kuikwepa. Gari na nyumba havibadilishwi kwa siku moja.

Hata dunia nzima ilichelewa hivyo hivyo. Bei ya mafuta ghafi ilifika karibu mara nne ya ile ya awali kati ya mwishoni mwa 1973 na mwanzoni mwa 1974, ikapaa tena 1979. Lakini matumizi ya mafuta duniani yalishuka miaka kadhaa mfululizo mwanzoni mwa miaka ya 1980, magari yakiwa yamepungua ulaji na mitambo ya umeme ikihamia nishati nyingine.

Hata petroli ikishuka kesho, kule mbali hatuhamii tena.