Ufunguo mfukoni

Nimetoka shifti sasa hivi jamani, kwenye mashine ya kuongeza kasi ya chembe (accelerator), moyo bado unadunda.

Saa nane usiku pawa saplai ya sumaku moja ya kukaza bimu, yaani mwale wa chembe, ikajizima, intaloki (mfumo wa usalama unaozima mashine wenyewe) imesoma maji ya kupoza yamepungua, na sumaku yenyewe inakula ampea kama 400, bila maji koili zinaungua.

Mwenzangu akasema tuibaipasi tu intaloki, yaani tuiruke, mpaka asubuhi. Nikakataa.

Tukafunga umeme wa sumaku, nikachomoa ufunguo wangu kwenye paneli ya mlango, maana ukiwa nao bimu haiwaki hata mtu abonyeze nini, nikaingia handakini inamopita bimu. Kumbe kichujio cha maji kimeziba.

Muda wote nimeushika ule ufunguo, mpaka ukapata joto la mkono wangu.

Mnaofanya kazi na mashine kubwa, mmewahi kuambiwa mruke intaloki? Mlifanyaje?