Moshi wa jiko la mama, Manzese
Jana jioni, nikiwa nimekaa na mama alipokuwa akiwasha jiko la mkaa, nilitazama moshi ukipita kwenye mwale wa jua dirishani, nikawaza kwamba unabadilika kila sekunde ingawa macho yetu hayaoni chembe moja moja. Molekuli za hewa huzigonga chembe hizo kutoka kila upande, nazo huyumbayumba, na zinapokutana hushikamana na kuwa moja kubwa zaidi. Hivyo idadi yake hupungua, ilhali uzito wa masizi yote haupungui kwa kushikamana huko. Kinachonivutia mno ni kasi: hewa yenye chembe milioni 1 katika kila sentimita ya ujazo hubaki na nusu ya idadi hiyo baada ya takriban nusu saa, lakini yenye chembe 10,000 huhitaji zaidi ya siku nzima, kwa kuwa migongano huwa michache. Hesabu hizi tunazo tangu enzi za mwanafizikia wa Poland, Marian Smoluchowski, zaidi ya miaka 100 iliyopita.

“Kwa hiyo, mwanangu, zikishikamana zinaanguka?” mama aliuliza.

Nilimjibu kwamba nyingi bado ni ndogo mno, huelea kwa saa nyingi na tunazivuta. Tukalihamishia jiko uani.