Usiku nilipozima swopu

Jana usiku, kwenye mashine yangu ya Linux, niliandika swapoff -a, amri ya kuzima swopu (sehemu ya diski ambako kumbukumbu huhamishiwa RAM ikibana), nikabonyeza kitufe, nikaamini nimemaliza tatizo. Mashine yangu ina RAM ya gigabaiti 8, na kila ilipokuwa nzito nilikuwa nikiilaumu swopu: diski ina mwendo wa pole, kwa hiyo kerneli, kiini cha mfumo wa uendeshaji, ikinyimwa diski itabaki kwenye RAM, na kazi itakwenda haraka. Ndivyo nilivyofikiri kwa miaka.

Haikuchukua saa mbili. Kivinjari kilikuwa wazi, hifadhidata inafanya kazi, nami nakompaili mradi mkubwa. Kishale kikaganda. Taa ya diski ikawaka moja kwa moja, bila kupepesa. Hapo ndipo niliposhtuka: swopu imezimwa, sasa diski inasomwa nini?

Sikulala mpaka nikalielewa jibu.

Programu haijui data yake imekaa wapi ndani ya RAM. Hupewa anwani za kudhaniwa tu, na kerneli hutunza majedwali yanayoonyesha kila ukurasa, yaani kipande cha kumbukumbu cha baiti 4096, uko wapi hasa. Kwenye prosesa nyingi za biti 64, anwani ya biti 48 hukatwa vipande: biti 9 kwa kila moja ya ngazi nne za majedwali, na 12 za mwisho kuonyesha baiti ndani ya ukurasa. Ukurasa usipokuwepo, prosesa huisimamisha programu na kuiita kerneli, ambayo huuleta ukurasa na kuiacha programu iendelee pale pale ilipoishia, bila habari. Kompyuta ya Atlas, Manchester, ilikuwa ikifanya hivyo mwaka 1962, ikiunganisha kumbukumbu yake ndogo na pipa la sumaku lililozunguka hadi vikaonekana kitu kimoja. Kila nikifikiria hilo navutiwa upya.

Kosa langu lilikuwa hapa. Kurasa ni za aina mbili. Kuna zinazotoka kwenye faili, kama maagizo ya programu yenyewe na maktaba zake, na kuna zilizozaliwa programu ikiwa inaendelea, ambazo hazina faili popote. RAM ikibana, ukurasa wa aina ya kwanza ambao haujabadilishwa hutupwa tu, kwa kuwa nakala yake iko diskini tayari. Wa aina ya pili hauna pa kwenda isipokuwa swopu.

Kwa hiyo nilipozima swopu nilizifungia ndani ya RAM data zote, hata zile ambazo hazikuguswa tangu asubuhi. Kerneli ikabaki inatupa maagizo ya programu zilizokuwa kazini wakati ule ule! Kivinjari kinanyang'anywa ukurasa, papo hapo kinauhitaji, unasomwa upya, na ili upate nafasi unatupwa wa hifadhidata. Mtafiti wa kompyuta Peter Denning aliieleza hali hii mwaka 1968: kurasa ambazo programu zinazihitaji kwa pamoja zikizidi RAM iliyopo, mashine hushinda ikihamisha kurasa badala ya kufanya kazi.

Mtafiti mwingine, Belady, mwaka 1966 alionyesha kwamba ukurasa bora wa kuondoa ni ule utakaochelewa kuliko wote kuhitajika tena. Kerneli haiwezi kuyajua ya mbele. Linux hukagua biti ambayo prosesa huiwasha ukurasa unapoguswa, na kwa alama hiyo hukisia upi umesahaulika. Nami nilikuwa nimeiondolea uhuru wa kuutumia ukisio huo kwa nusu ya kurasa zake, pengine zaidi.

Mwishowe kerneli ilikosa kabisa pa kupata nafasi, ikaiua hifadhidata. Kazi ya jioni nzima ambayo sikuwa nimeihifadhi ikapotea. Iliniuma.

Nikaandika swapon -a, kuiwasha swopu tena. Thamani ya swappiness, inayoiambia kerneli iegemee swopu kiasi gani, nimeiacha 60 kama ilivyokuja, na nimeanzisha tena kazi zile zile. Asubuhi hii vmstat, programu ya kutazama hali ya kumbukumbu, inaonyesha karibu megabaiti 900 zimekwenda swopu. Safu ya si, ile ya kurasa zinazorudishwa kutoka huko, inasoma sifuri kila sekunde ninapoitazama. Hakuna programu iliyoziulizia.