Mchana maabara, jioni Globe

Leo nimeshinda na mashine ya infraredi, ile inayopima mwanga usioonekana unavyofyonzwa na kemikali, nikapima asetoni na ule mstari mkali ukatokea kwenye mawimbi 1715 hivi kwa sentimita, kabonili hiyo, yaani kaboni iliyoungwa na oksijeni kwa bondi mbili, raha yake we acha tu, molekuli huioni kwa macho ila inakwambia yenyewe ilivyoungwa. Jioni nikaenda Globe, ukumbi wa maigizo wa Shakespeare hapa London, ule wa kujengwa upya uliofunguliwa 1997, nikasimama chini kabisa karibu na jukwaa kuangalia tamthilia yake ya Macbeth. Kule hawawaachi watazamaji gizani kama kumbi zingine, mwigizaji anakuona usoni kabisa, yaani jamaa anayeigiza Macbeth alivyokuwa anakitafuta hewani kile kisu anachokiona kwenye mawazo yake tu alikuwa ananiangalia mimi, mwili wote ukanisisimka. Watu wa kemia nendeni jamani, tiketi za kusimama ni bei rahisi.